Bomba la Mlinzi

Mlinzi Emosi Vakaruru alikutwa asubuhi ameketi. Mgongo ameuegemeza ukuta wa kibanda cha mlinzi, miguu ameikunja kama wanaume wanavyoikunja wakinywa kava, kile kinywaji cha unga wa mizizi, na mbele yake kulikuwa na tanoa, lile bakuli la mbao lenye miguu, likiwa na masalio chini. Mpita njia angedhani amesinzia. Ila midomo yake ilikuwa ya buluu.

Inspekta Mereseini Nakalevu aliinama akatazama kucha za marehemu. Nazo zilikuwa za buluu, buluu iliyoingia kijivu, kama za mtu aliyezama. Lakini nguo zilikuwa kavu na mdomoni hakukuwa na povu.

"Wengine wawili wamekimbizwa hospitali kuu, afande," alisema Sajenti Hirdesh. "Mmoja hajitambui. Wa pili ni Peceli, mfagiaji wa hapa. Huyo anaongea kidogo kidogo."

"Nani aliyewakuta?"

"Meneja wa jengo, Bwana Lepani Drauna. Ndiye aliyepiga simu. Na muuaji ameshatutajia."

"Ameshatutajia?"

"Ndiyo, afande. Bibi mmoja anayeuza kava sokoni."

Mereseini aliinuka, magoti yakamlalamikia. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kumwangalia mara mbili mtu anayeripoti maiti na mshukiwa kwa simu moja.

Jengo la Drodrolagi lilikuwa la ghorofa kumi na moja, vioo vitupu, katikati ya jiji la Suva. Pembeni mwa mlango mkuu, ukutani, kulikuwa na bamba la shaba lililofunikwa kitambaa cheupe. Upepo ulikuwa umekifunua kona moja, na maneno yakasomeka: JENGO LISILOTOA TAKA. Jumamosi waziri angekuja kulizindua. Hatua tano kutoka kwenye bamba hilo ndipo Emosi alipokuwa ameketi, amekufa.

Bwana Lepani alitokea kwenye lifti amevaa shati la maua na sulu, ile shuka ya kiunoni ya wanaume, nyeusi, iliyopigwa pasi. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alipomwona Emosi aliziba uso kwa viganja viwili.

"Mtani wangu huyu, Inspekta. Kijiji chao na chetu tunatukanana tangu enzi za mababu. Nani atanitukana sasa?"

Alilia kweli. Machozi hayakuwa ya kuigiza, na hilo lilimsumbua Mereseini kwa muda mrefu baadaye.

"Pole. Kava waliinunua kwa nani?"

"Kwa Bu Akanisi. Kila mtu anajua. Yule bibi anachanganya unga wake. Mara ngano, mara mbolea."

"Umeshamwona akichanganya?"

"Mimi? Hapana. Lakini lisemwalo lipo."

Lisemwalo lipo! Methali hii imewafunga jela watu wengi kuliko kufuli. Kabla jua halijafika utosini, Bu Akanisi Ligamu alikuwa mahabusu. Mereseini hakumpeleka yeye. Mkuu wake wa kituo aliagiza kwa simu, na askari watatu wakaenda kumkamata ajuza wa miaka sabini kana kwamba wanakamata genge. Sokoni, watu waliokunywa kava yake tangu wabalehe waliipindua meza yake. Walikanyaga unga. Mmoja alimtemea mate. "Bu" kwa lugha yao ni bibi, na wote waliokuwepo walikuwa wakimwita hivyo mpaka jana yake.

* * *

Daktari Finau, mpasuaji maiti, alimsubiri Mereseini mlangoni mwa chumba chake akiwa bado na glavu.

"Damu yake si nyekundu," alisema. "Ni kahawia. Kama kakao."

"Maana yake?"

"Nitriti. Ni aina ya chumvi. Ikiingia kwenye damu, damu haibebi hewa tena. Mtu anapumua vizuri kabisa, na huku anakosa pumzi. Yule Peceli tumemwahi na dawa; mwenzake bado hajitambui. Emosi alikunywa kuliko wote."

"Imetoka kwenye unga?"

"Unga uliobaki kibandani ni safi. Ule uliookotwa sokoni ni safi. Kwenye tanoa ndiko imejaa."

"Basi bibi hana kesi."

"Mwambie mkuu wako. Anasema angeweza kuitia kwenye fungu moja tu, lile walilolimaliza. Kesho asubuhi anampeleka mahakamani kwa mauaji. Anataka mambo yaishe kabla ya Jumamosi."

"Kwa sababu ya waziri."

Daktari alivua glavu.

"Hiyo nitriti," alisema Mereseini, "bibi wa sokoni angeipata wapi?"

"Hapo sasa. Hutumika viwandani. Na kwenye majengo makubwa, kwenye mabomba ya kupozea hewa. Wanaiweka kwenye maji ili chuma kisishike kutu."

"Na kina Emosi hawakusikia ladha?"

"Kava, Inspekta! Chungu, rangi ya tope, na inautia ganzi ulimi. Vifuu vitatu tu, unaweza kunywa chochote usijue."

* * *

Mahabusu ilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Bu Akanisi aliketi sakafuni, mgongo umenyooka. Pembeni yake kulikuwa na sahani ya mihogo ambayo haikuguswa.

"Bu, mbona huli?"

"Nile kwa mikono hii?" Aliinyoosha. Ilikuwa imejaa vumbi la kijivu la kava mpaka kwenye viwiko. "Jana maji yamekatwa kutwa. Leo asubuhi ndiyo yanarudi, matope matupu, nimeyafungulia yapite kwanza. Nageuka hivi, polisi hao. Hata kunawa hamkuniacha, mwanangu."

"Nisamehe, Bu."

"Nikusamehe kitu gani? Kwani umeshanitoa?"

Jambo likamgonga Mereseini.

"Bu, jana maji yalikatwa mtaa wenu tu?"

"Mtaa wetu? Mji mzima! Redio ilitangaza tangu juzi kwamba wanatengeneza bomba kuu. Suva nzima ilikuwa kavu. Mimi nilikosa hata la kusuuzia kikombe."

"Mpaka saa ngapi?"

"Si nakwambia leo asubuhi ndiyo yamerudi?"

Mereseini alisimama. Kina Emosi walikaa kunywa jana jioni. Kava ni unga; bila maji ni vumbi. Na tanoa la watu watatu linakula ndoo nzima.

"Unga ni wangu," alisema Bu Akanisi, akimtazama usoni. "Maji ni yao."

* * *

Peceli alikuwa amelazwa na mpira wa hewa puani. Midomo yake ilikuwa imeanza kupata rangi ya mtu.

"Maji mliyapata wapi?" aliuliza Mereseini.

"Bombani. Pale nje ya kibanda."

"Mji mzima umekatwa maji, la kwenu linatoka?"

"Ndiyo maana tukacheka, afande." Alijaribu kucheka tena, kifua kikamkataza. "Tulishapanga kutuma mtu akanunue maji ya chupa. Emosi akalifungua kwa mazoea tu, tukamzomea. Maji yakatoka, we! Kwa kishindo. Yakamtoa kifuu mkononi, yakamlowesha sulu yote. Akasema, 'Mnaona? Mungu ni wa kijiji chetu.'"

"Siku zote lina nguvu hivyo?"

"Lile? Siku zote linakojoa kama mzee wa miaka tisini."

"Kwa nini hamkuchota ya ndani ya jengo?"

Peceli alitazama dari. "Walinzi na wafagiaji haturuhusiwi maji ya ndani. Yale yanatoka kwenye tangi la juu, ya wenye ofisi. Sisi tulitolewa letu kwenye bomba la barabara."

Hirdesh aliacha kuandika. Mereseini alimwashiria aendelee.

"Mlikuwa watatu tu?"

"Watatu. Meneja alishuka, akasimama akatuangalia tunakinga maji. Akarudi ndani kidogo, kisha akaja kukaa nasi. Kukaa tu lakini. Emosi alimpa kifuu, akakataa, eti anatumia dawa. Basi Emosi akamsema hapo! 'Watu wa kijiji chenu mmekuwa wagonjwa tangu mlipoanza kuvaa viatu.' Akacheka naye."

"Huwa anakataa?"

"Lepani? Lepani hajawahi kukataa kifuu tangu nimjue. Huwa tunamnyang'anya."

* * *

Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofa ya kumi na moja, na ilikuwa tanuri. Madirisha ya vioo hayakuwa ya kufunguka. Lepani alikuwa anajipepea kwa jarida.

"Samahanini kwa joto. Kipoza hewa kimegoma."

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

"Jana jioni," alirudia Mereseini. "Kinatumia maji yenye nitriti?"

Jarida lilisimama. "Kina dawa ya kutu, ndiyo, kama majengo yote. Lakini Inspekta, najua unakoelekea, na huko hakuna njia. Mabomba ya kupozea yana mzunguko wake, yamefungwa. Tunayajaza kule chini, kwa maji ya barabara, kwa pampu. Na pale panapoingilia kuna vali ya njia moja. Maji yanaingia. Hayatoki."

"Hayatoki kabisa?"

"Maji ya barabara yaje jengoni, sawa. Ya jengo yarudi barabarani? Hiyo haijawahi kutokea."

"Ufunguo wa chumba cha pampu anao nani?"

"Mimi."

"Na Emosi?"

"Mlinzi? Wa nini?"

Lepani alimpa ufunguo bila kusitasita. Watu wa ofisini wana imani moja ya ajabu: kwamba askari akiliona bomba, ataliona bomba tu.

* * *

Chumba cha pampu kilikuwa chini kabisa, nyuma ya maegesho. Mabomba yalikuwa yamepakwa rangi ya buluu, moja likipanda moja kwa moja na kupotelea kwenye dari. Hirdesh aliligonga kwa kidole.

"Hili ndilo la maji ya kupozea, linapanda mpaka paani," alisema. "Afande, mimi nimezaliwa kilimani, Samabula. Kwetu maji yakipungua sisi ndio wa kwanza kukauka. Mtu wa bondeni akifungua bomba lake, letu linavuta hewa, linapiga mluzi. Mama alikuwa anamtukana jirani wa bondeni bila hata kumjua jina. Nilikijua kimo cha maji kabla ya kujua kusoma."

"Nieleze mimi wa kisiwani, niliyeteka mtoni."

"Maji yaliyo juu yana uzito, na uzito wote unakaa chini. Bomba liwe nene kama pipa au jembamba kama kidole, haijali. Kinachosukuma ni kimo. Kila mita kumi za kwenda juu, hapa chini unapata baa moja."

"Baa?"

"Si ya kunywea, afande. Kipimo cha presha. Jengo hili likijaa mpaka paani ni mita thelathini na tano. Kwa hiyo hapa tulipo, maji yanasukuma kwa baa tatu na nusu, mchana na usiku, yanataka kutoka. Barabarani presha ni ndogo kuliko hiyo. Siku maji yakikatwa, barabarani ni sifuri."

"Kwa hiyo yanataka kurudi barabarani."

"Yanataka kila dakika. Ndiyo kazi ya vali ya njia moja: ni mlango wenye bawaba. Maji ya pampu yanausukuma unafunguka. Ya juu yakitaka kurudi, yanaubamiza wenyewe unajifunga. Yanajifungia ndani."

Waliitafuta vali. Ilikuwa kwenye bomba la kujazia, kabla ya koki kubwa ya mkono. Rangi ya buluu ilikuwa imefunika kila kitu mahali pale, isipokuwa boliti nne za kifuniko cha vali. Hizo zilikuwa zinang'aa. Hirdesh alihakikisha koki imefungwa, akafunga na upande wa pili, akachukua spana.

Ndani ya vali hakukuwa na mlango. Kulikuwa na tundu la bawaba tu, limesafishwa kwa tupa.

Mereseini alihisi hasira ikimpanda. Vali haikuwa imeharibika. Kilichooza huacha kutu. Hiki kiliondolewa na mtu aliyekaa akakifikiria.

"Sasa tuujue mwendo wake," alisema.

Waliomba mafundi wa idara ya maji wafunge tawi la barabarani kwa muda, ili jengo liwe kama lilivyokuwa jana. Askari mmoja akawekwa kwenye bomba la mlinzi, na ndoo. Akalifungua: kimya, hewa tu. Hirdesh alikaza kifuniko cha vali, akafunga geji ya presha, kisha akaizungusha koki.

Huko nje askari alipiga yowe. Maji yalikuwa yameitupa ndoo.

"Funga!" alisema Mereseini. "Ipelekeni ndoo hiyo kwa Daktari Finau. Na asiguse mtu."

Lakini Hirdesh alikuwa hasikii. Alikuwa anaitazama geji, paji limekunjamana.

"Nini?"

"Inasoma mbili, afande. Si tatu na nusu."

"Mbovu?"

"Si mbovu. Mbili ni mita ishirini. Yaani maji yamejaa mpaka ghorofa ya sita. Juu ya hapo bomba ni tupu. Ndiyo maana kule kwa meneja ni tanuri: maji ya kupozea hayafiki tena."

"Yameenda kwa Emosi."

"Kwa Emosi na barabarani. Sawa. Ila mbona yamesimama?" Aligeuka. "Barabara ilikuwa sifuri, vali haina mlango, koki iko wazi. Yalitakiwa kushuka yote mpaka tone la mwisho. Yameishia ghorofa ya sita. Maji hayasimami hewani, afande. Kuna mkono ulioyafunga katikati."

Mereseini aliitazama ile koki. Koki ilikuwa imefungwa walipoikuta. Aliyeifungua jana alirudi akaifunga, kabla maji hayajaisha, na chumba kina ufunguo mmoja.

Akakumbuka maneno ya Peceli: akasimama akatuangalia tunakinga maji, akarudi ndani kidogo, kisha akaja kukaa nasi.

* * *

Walimhoji kituoni. Lepani aliomba maji. Alipoletewa glasi aliitazama, akaisogeza pembeni.

"Vali umeitoa mlango wewe?"

"Sijui habari ya vali."

"Ufunguo ni wako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Jana jioni uliingia chumba cha pampu?"

"Sikumbuki."

"Mara mbili?"

Lepani aliisogeza glasi mbali zaidi.

"Mara ya kwanza kufungua koki. Mara ya pili kuifunga. Maji ya jengo lako yamesimama ghorofa ya sita, Bwana Lepani. Yenyewe yametuambia ulipoyakatisha."

Lepani alitazama mikono yake. Jasho lilikuwa limekauka. Sasa alionekana kama mtu anayesikia baridi.

"Ilikuwa ya mwisho," alisema. "Nilikuwa nimeshasema hii ni ya mwisho."

"Ya mwisho ya nini?"

"Maji yale yanachakaa. Inabidi yatolewe, yaingizwe mapya. Sheria inataka yabebwe na lori, yakasafishwe. Sasa, lori likija mlangoni na mabango yake ya sumu, watu wataona. Wakaguzi wataandika. Jengo lisilotoa taka halitoi lori."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikasubiri siku ya kukatika maji. Barabara inakuwa tupu. Unafungua, jengo linasukuma lenyewe, barabara inameza."

"Barabara!" Mereseini alipiga meza. "Unaiita barabara? Hilo ni bomba la watu! Kuna shule. Kuna wodi ya wazazi!"

"Maji ya kwanza hayanywi mtu." Aliyasema haraka, kama mtu aliyeyakariri. "Wewe mwenyewe, Inspekta. Maji yakirudi unafanyaje? Unayaacha yapite. Suva yote inafanya hivyo, yana matope. Nilihesabu hilo. Hakuna ambaye angedhurika."

Ndivyo alivyosema. Tahadhari ya watu, ile inayowafanya akina mama wa jiji zima wasimame na ndoo wakisubiri maji yatakate, yeye aliigeuza pazia la kufichia sumu yake. Na yote hayo kwa ajili ya bamba la shaba.

"Na bomba la mlinzi?"

"Nililisahau." Sauti ilishuka. "Nilikuwa nimelifikiria kila tone lakini lile nililisahau. Nilishuka kuangalia kama kuna anayeshtuka. Nikawakuta wanakinga."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia kufunga."

"Kisha ukarudi, ukakaa nao."

"Ndiyo."

"Tanoa limeshajaa."

"Ndiyo."

"Emosi akakupa kifuu. Ukasema una dawa."

Lepani aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini, Inspekta? Wangeuliza maji yana nini. Ningewaambia yametoka wapi? Jumamosi waziri anakuja!"

"Hukulazimika kusema yametoka wapi. Ungesema 'msinywe'. Neno moja. Ungelipiga teke lile tanoa, wangekutukana, mngecheka. Ni mtani wako!"

"Nilisema ngoja nione. Labda ni kidogo. Nilisema akitapika mtu tu, nitasema."

"Na alipotapika?"

Hirdesh aliacha kalamu.

"Alicheka," alisema Lepani. "Emosi. Alijifuta mdomo, akasema, 'Leo kava ya Bu Akanisi ina nguvu kweli.' Na mimi nikaona..."

"Ukaona nini?"

"Nikaona nimepata wa kumsingizia."

* * *

Jua lilikuwa linazama Mereseini alipoufungua mlango wa mahabusu. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kutia saini. Alikuwa pia ametoa agizo: bibi apelekwe nyumbani kwa gari, atolewe mlango wa nyuma, mambo yasipigiwe kelele.

"Bu, uko huru. Meneja amekiri. Gari linakusubiri nyuma."

Bu Akanisi hakuinuka.

"Mlinikamata saa ngapi?"

"Asubuhi, Bu."

"Wapi?"

"Sokoni."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Basi mtanirudisha asubuhi, sokoni, watu wakiwepo. Kwa mlango wa nyuma mnatoa taka." Akakunja miguu yake vizuri zaidi. "Acheni mlango wazi kama mnataka. Mie nipo."

Mereseini alisimama pale, kofia mkononi. Kisha akaenda kumletea beseni la maji, sabuni na mihogo ya moto.

Asubuhi iliyofuata, saa ambayo soko la Suva huwa halina pa kuweka mguu, Inspekta Mereseini Nakalevu aliingia kwa mlango mkuu akiwa na sare kamili, Bu Akanisi mbele yake. Watu wakaanza kupisha. Wengine walijifanya wanapanga viazi. Meza ilikuwa bado imelala ubavu, unga umekanyagwa ukawa tope. Hakuna aliyekuwa amejishughulisha kuiinua.

Mereseini aliiinua mwenyewe. Aliipangusa kwa kiganja, akageuka akawatazama, na hasira aliyoibeba tangu jana ikampa sauti.

"Huyu bibi hana kosa! Kava yake ni safi! Emosi aliuawa na maji ya jengo kubwa, na aliyeyafungulia amekiri. Aliyemkamata bibi bure ni polisi. Aliyeipindua meza hii ni nyinyi. Mnajijua!"

Muuza ndizi mmoja akainamisha kichwa.

Bu Akanisi alikaa nyuma ya meza yake, akaunyoosha mgongo, akatega sikio kidogo.

"Rudia," alisema. "Wa kule kwenye samaki hawajasikia."